Braden Smith wa Purdue na futi 6 zake: drafti ya NBA 2026 anachukuliwa au anaachwa?

PointiGadi_Upanga anauliza:

Wakuu habari za muda huu. Naomba wanaofuatilia kikapu cha vyuo vya Marekani tulijadili hili vizuri maana mimi linanisumbua kweli kweli. Braden Smith, pointi gadi (mwendesha mchezo) wa chuo cha Purdue, msimu huu wa 2025-26 yuko mwaka wa nne na ndo wa mwisho, mnaionaje nafasi yake drafti ya 2026, yaani siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi mbili? Raundi ya kwanza, ya pili, au ndo anakaa sebuleni kwao mpaka majina yote yanaisha kusomwa na lake halijaitwa?

Kwa wasiomjua, huyu dogo ni wa hapo hapo Indiana, katokea Westfield, 2022 alikuwa Mr. Basketball wa jimbo zima na kule hiyo tuzo ni kubwa, kikapu kwao ni kama Simba na Yanga kwetu. Msimu uliopita 2024-25 alikuwa na wastani wa pointi 15.8, asisti 8.7, ribaundi (mipira anayodaka mtupo ukikosa) 4.5 na anaiba mpira mara 2.2 kila mechi. Akawa mchezaji bora wa Big Ten, ligi ya vyuo wanayocheza Purdue. Akachukua tuzo ya Bob Cousy ya pointi gadi bora wa vyuo nchi nzima. Sasa kuna ile rekodi ya asisti ya Bobby Hurley wa Duke, 1,076 kwa miaka minne, ilikaa tangu 1993 na mpaka msimu wa 2025-26 unaanza hakuna aliyekuwa ameifikia, huyu kauanza msimu huo akiwa na 758 mkononi yaani alihitaji 319 aipite na mwaka jana peke yake alitoa 313. Halafu nikifungua orodha za makadirio ya drafti namkuta huko chini kabisa raundi ya pili, nyingine hayumo.

Sababu naijua, ni urefu. Timu yenyewe imemwandika futi 6 na kilo 77, na sote tunajua vyuo vinavyoandikaga urefu wa watu wao.

Mimi nina futi 5 na inchi 7. Nilishawahi kwenda majaribio ya timu moja hapa Dar, tulikuwa kama 30 hivi, kocha akapita kwenye mstari anatuangalia kuanzia viatu hadi kichwani, akifika kwa mfupi anasema wewe kaa pembeni kwanza. Nilikaa pembeni masaa mawili na viatu nimevifunga, mpira sikuugusa. Kwa hiyo nikimuona Braden anapita katikati ya watu wa futi 6 na inchi 8 anatoa pasi ambayo hata kamera haijaiona, mimi pale nasimama kabisa kwenye kochi.

Kinachonitisha ni kikosi cha kwanza cha All-American cha mwaka jana, yaani wachezaji bora wa vyuo nchi nzima. Watu watano: Cooper Flagg, Johni Broome, Walter Clayton, Mark Sears na Braden mwenyewe. Braden akabaki chuo. Flagg akaenda namba 1, Clayton namba 18, Broome namba 35. Sears wa Alabama, mtu aliyewafunga BYU mitupo kumi ya pointi tatu kwenye mechi moja ya hatua ya timu 16 ya mashindano ya taifa ya vyuo, hakuitwa kabisa, na kati ya wale wanne yeye ndo alikuwa mfupi kuliko wote. Akaja kusaini Milwaukee baada ya drafti kuisha, mkataba mdogo. Je Braden anaelekea huko huko?

---

Kocha_Kilimani:

Swali zuri sana hili kaka, na nitajibu kama mtu anayefundisha vijana hapa Nairobi kila jumamosi so haya mambo ya urefu nayaona kila wiki.

Watu wengi hudhani skauti wa NBA wanaogopa gadi mfupi hatafunga. Apana. Kufunga wanajua atafunga, mambo ya flota (mtupo wa juu juu ukiwa mbioni) na kurudi nyuma kidogo kabla ya kutupa hayo wote wanafanya siku hizi. Shida iko kwa kukaba, na iko hasa dakika tano za mwisho za mechi za mtoano. Acha nikuchoree. Braden anamkaba gadi wa kawaida kule kona, anafanya kazi yake poa. Timu pinzani wana nyota wa futi 6 na inchi 8 anakabwa na mtu wa saizi yake. Sasa hao wanachofanya, wanamwita yule anayekabwa na Braden aje aweke skrini kwa nyota, yaani asimame amzibie njia mkabaji wake. Wakabaji wakibadilishana watu, Braden anajikuta mbele ya nyota peke yake. Nyota hata hahitaji kuchezesha mpira sana, anaufikisha kwa mstari wa faulo, anaruka, anatupa juu ya kichwa, mkono wa Braden unaishia kifuani. Na ukituma mtu amsaidie, kona imebaki wazi. Wakiipata hiyo mara moja wataiitisha kila mara mpaka kocha amtoe. Hiyo ndo inafanya makocha wasilale, na ndo skauti anaandika kwa karatasi yake.

Isaiah Thomas ndo mfano mchungu zaidi kwangu. Futi 5 na inchi 9, alichukuliwa namba 60 mwaka 2011, wa mwisho kabisa. Msimu wa 2016-17 alikuwa na wastani wa pointi 28.9 pale Boston, mechi moja ya mtoano dhidi ya Washington akafunga 53. Na hiyo hiyo kiangazi Boston wakamuuza. Nyonga ilikuwa imeumia ndio, lakini hata kabla ya nyonga timu zilikuwa zinamtafuta kila saa akikaba.

Kuna Zakai Zeigler wa Tennessee pia, futi 5 na inchi 9, mara mbili mfululizo alikuwa mkabaji bora wa ligi ya vyuo ya SEC, 2024 na 2025, na bado drafti hakuitwa. Yaani hata ukikaba vile, kimo kikishapita chini ya kiwango fulani wanakufungia mlango.

Kwa Braden mimi naona ana inchi tatu juu ya hao na hizo inchi tatu ni nyingi kuliko zinavyosikika. Tena mwaka wake wa pili alikuwa na ribaundi 5.8 kwa mechi, mtu wa futi 6! Hiyo inamaanisha anasoma mpira utaangukia wapi kabla ya wengine. Mtu wa kumlinganisha naye ni Payton Pritchard. Futi 6 na inchi 1, miaka minne Oregon, namba 26 mwaka 2020, watu wakasema mzee, mfupi, hana mikono mirefu. 2025 akawa mchezaji bora wa akiba NBA nzima. Lakini Pritchard ana kifua, ukimgonga unaumia wewe. Braden na kilo 77 zake bado, huko ndo kazi iko.

Utabiri wangu ni kati ya 40 na mwisho wa orodha.

---

Fundi_Nyavu:

Raundi ya pili. Na timu itakayomchukua itashukuru.

---

Bint_wa_Malindi_Znz:

Kaka PointiGadi pole na hayo ya majaribio, imeniuma kusoma.

Mimi nataka niizungumzie mechi moja tu kwa sababu kwangu mimi ndo mechi iliyonionesha kila kitu cha Braden, kizuri na kibaya. Ile ya Houston ya Machi 2025, hatua ya timu 16, pale Indianapolis. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Nilikula daku, nikaswali alfajiri, nikarudi kitandani na simu chini ya shuka ili nisimwamshe mdogo wangu, mechi kwetu ilianza kama saa kumi na moja na ushee. Houston wale ndo timu inayokaba kwa nguvu kuliko zote nilizowahi kuona, gadi zao zina mabega kama wabeba mizigo wa bandarini, na walimkalia Braden tangu nusu uwanja, mkono mmoja kiunoni mwake, wakimzunguka wawili wawili.

Kufunga akashindwa. Pointi 7 tu mchezo mzima. Sasa ndo uone akili ya mtu, alivyoona kwake kumefungwa akaanza kuwalisha wenzake, hasa Trey Kaufman-Renn. Alikuwa anafanya hivi: anapita kwenye skrini, beki anabaki nyuma yake, badala ya kukimbia yeye anapunguza mwendo makusudi, yule beki anabaki amekwama mgongoni kwake hawezi kumpita, na yule mrefu aliye mbele hajui akae na nani, ndo mpira unapitishwa chini chini sentimita chache kutoka sakafuni unamfika Kaufman-Renn mkononi. Wakaifanya tena na tena. Alimaliza na asisti 15. Purdue wakasawazisha 60-60.

Halafu Houston wakapata mpira wa kurusha kutoka chini ya goli zikiwa zimebaki sekunde mbili na kitu, Milos Uzan akaurusha kwa Joseph Tugler, Tugler akamrudishia kwa kuudunda, Uzan akaweka ndani. 62-60. Jua lilikuwa limeshachomoza na mimi nimekaa kitandani nalia na siku nzima ya kufunga bado iko mbele yangu.

Kwa hiyo nikiulizwa kuhusu drafti mimi najiuliza hivi, mabeki wa NBA wote ni kama wale wa Houston au zaidi. Kama wale walimfanya apate pointi 7, pale juu usiku kama huo atakuwa nao mara ngapi? Lakini pia asisti 15 dhidi ya ukabaji ule, nani mwingine chuoni anazitoa? Skauti mwenye macho anaviona vyote viwili kwenye mkanda ule ule. Nampenda sana huyu kijana lakini raundi ya kwanza sitomtabiria.

---

Mzee_wa_34:

Vijana mmeongea vizuri. Mimi nawarudisha 2009 kidogo maana Watanzania tunayo drafti yetu ya kujifunzia.

Mwaka ule Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar, futi 7 na inchi 3, aliitwa namba 2 na Memphis akitokea chuo cha UConn. Nakumbuka nilivyofurahi, nilipiga simu kwa kila mtu mwenye jina kwenye simu yangu. Mtanzania wa kwanza NBA. Na heshima yake ibaki pale pale, chuoni alikuwa anazuia mitupo hadi timu zinaacha kuingia ndani. Lakini tazameni nani walikuja baada yake: James Harden namba 3, na Stephen Curry, kijana mwembamba wa chuo cha Davidson, namba 7. Kabla ya Curry wakaitwa gadi wawili mfululizo na timu moja, Minnesota, Ricky Rubio na Jonny Flynn. Namba 18 akaitwa Ty Lawson, futi 5 na inchi 11. Namba 55 huko mkiani Portland wakamchukua Patty Mills, futi 6, Muaustralia wa Saint Mary's, na huyo Mills wa namba 55 akaja kuwa bingwa na San Antonio 2014 na akaendelea kucheza miaka mingi baada ya Hasheem kuondoka kwenye ligi.

Sisemi urefu hauna maana, nitakuwa muongo. Nasema kwenye drafti urefu unanunuliwa kwa bei ya juu kuliko faida yake, kwa sababu ndo kitu pekee unachoweza kukipima kwa futi kamba siku hiyo hiyo ukapata jibu. Kusoma mchezo kunataka umtazame mtu mechi 100. Braden ana zaidi ya mechi 100, ndo maana mimi nasema Kocha_Kilimani amembania. Nafikiri kuna timu moja makini, yenye ubingwa kwenye hesabu zake na pengo la gadi wa akiba, itamchukua kwenye 30 na kitu.

Na umri wasimshike nao. Atakuwa anakaribia 23 siku ya drafti, ni kweli, lakini timu inayotaka mtu wa kuendesha kikosi cha pili mwezi wa kumi huo huo haina shida na 23.

---

Kocha_Kilimani:

Mzee heshima zako, na ya Mills umenikumbusha vizuri. Lakini kwa umri sikubali. Timu ikiwa na chaguo la 35 na mbele yake kuna mtoto wa 19 wa futi 6 na inchi 6 ambaye hajui kitu, na Braden wa karibu 23 anayejua kila kitu, wengi watachukua mtoto. Si haki lakini ndo vile wanafikiria, mtoto anaweza kukua wamuuze, Braden wanaona amefika.

---

Hoosier_wa_Mbeya:

Habari zenu ndugu zangu. Mimi niko Indianapolis mwaka wa sita huu, nafanya kazi ghala la mizigo zamu ya usiku, na nikipata off napanda gari na jamaa tunaenda West Lafayette, ilipo Purdue, ni kama saa moja tu. Mackey Arena, uwanja wao, nimeingia mara tatu. Ngoja niwaambie ambacho kwenye runinga hakionekani.

Huyu jamaa anaongea muda wote. Tulikaa juu kule viti vya bei ya chini lakini unaona kabisa, mpira ukisimama kidogo tu yeye kashamshika mwenzake Fletcher Loyer jezi anamuonesha pa kusimama, anamgeukia mrefu anamsukuma hatua mbili kushoto, halafu ndo anaupokea mpira. Na akikosea mtu pasi yake haangalii chini, anapiga makofi anarudi kukaba. Kitu kingine, hata wakati wa kupasha moto ukimuona na wenzake unamtafuta, unauliza yuko wapi, yuko pale katikati yao unamuona nywele tu. Kwa macho ya kawaida ni kijana wa kawaida kabisa, ukimkuta dukani Walmart hutogeuka mara mbili.

Sasa kuhusu drafti. Purdue wanayo kumbukumbu yao ya gadi mfupi na wenyeji huku wanaitaja kila Braden akitajwa. Carsen Edwards. 2019 alifunga 42 dhidi ya Virginia mechi ya kuwania nusu fainali, uwezo wa kutupa ulikuwa wa kutisha, akachukuliwa namba 33, akaishia Boston. NBA haikumnyookea, akahamia Ulaya, Fenerbahçe kisha Bayern na huko akawa mtu mkubwa tu. Sasa mwaka mmoja kabla yake, 2018, namba 33 hiyo hiyo alichukuliwa nani? Jalen Brunson. Gadi mfupi, miaka mitatu Villanova, makombe mawili ya taifa, wakasema mzito, haruki, mfupi. Leo New York Knicks imejengwa juu yake. Namba ile ile 33, miaka miwili mfululizo, gadi wawili wafupi, mmoja yuko Ulaya mwingine ni nahodha wa Knicks. Nikilinganisha mimi naona tofauti yao ni kwamba Edwards ukimnyima kutupa amebaki hana kazi ya pili, Brunson ukimnyima kutupa anakutengenezea mwenzake. Kwa hilo Braden yuko upande wa Brunson, tena kwa pasi mimi naona kamzidi Brunson wa chuo. Kwa nguvu za miguu na kukaa imara akigongwa hajamfikia, hilo nakubaliana na Kocha.

Na huku Indiana mfano wanaoutaja kila siku ni T.J. McConnell wa Pacers, timu ya NBA ya huku. Hakuitwa kabisa drafti ya 2015 akitokea Arizona. Mwaka 2025 kwenye fainali za NBA, mechi ya tatu, ametokea benchi akafunga pointi 10, asisti 5 na akaiba mipira 5, na ile mipira anayoiba anaibia kwenye kurusha, mtu anadhani goli limeshaingia kazi imeisha anarusha mpira kivivu, McConnell katokea nyuma ya mtu. Siku ile mtaani kwetu watu walikuwa wanapiga honi.

PointiGadi, nataka nikuondolee hofu kwenye kitu kimoja. Usiogope sana akiachwa. Raundi ya kwanza mkataba wake una miaka miwili ya uhakika, huo ni utajiri, sawa. Lakini raundi ya pili haina hakikisho lolote, timu inaweza kukuita namba 52 halafu ikakupeleka ligi ya chini ya NBA na huna pa kwenda kwa sababu wao ndo wana haki nawe. Ukiachwa, dakika ile ile majina yanapoisha wakala wako anaanza kupokea simu na wewe ndo unachagua timu isiyo na gadi. Fred VanVleet wa Wichita State alifanya hivyo 2016, futi 6 kama Braden, hakuitwa, akaenda Toronto, 2019 mechi ya kuchukua ubingwa akafunga pointi 22. Kila timu siku hizi ina nafasi tatu za ile mikataba ya pande mbili, unacheza hadi mechi 50 za NBA na zilizobaki ligi ya chini, msimu wa 2025-26 inalipa zaidi ya dola laki 6, wakati ambaye yuko ligi ya chini peke yake anapata elfu 40 na kitu. Ryan Nembhard wa Gonzaga aliongoza nchi nzima kwa asisti mwaka jana, 9.8 kwa mechi, futi 6 naye, hakuitwa, akasaini Dallas mkataba huo. Mimi namfuatilia huyo kuliko wote maana atakachofanya yeye ndo kitamfungulia au kumfungia mlango Braden.

---

Mchumi_Kikapu:

Hapo kwenye hela niongeze. Kijana kama Braden zamani angeondoka mwaka jana akiwa moto, maana chuoni alikuwa hapati kitu. Tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kulipwa kwa majina yao na tangu kiangazi cha 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja, kwa hiyo gadi wa chuo kikubwa anaweza kupata zaidi ya ule mkataba wa pande mbili. Waliojitokeza mapema kwa drafti ya 2025 walikuwa 106 tu, idadi ya chini kuliko zote tangu 2015. Sasa wote waliobaki wanakuja 2026, wazee kwa watoto, pamoja na kina AJ Dybantsa, Darryn Peterson na Cameron Boozer, watoto wanaotajwa juu kabisa ya orodha. Orodha itakuwa imejaa. Hilo ndo linaloniogopesha kwa Braden kuliko hata urefu.

---

Bint_wa_Malindi_Znz:

Na Ulaya msiitaje kama vile ni kushindwa jamani. TJ Shorts ana futi 5 na inchi 9, katokea UC Davis chuo ambacho wengi hapa hamjawahi kukisikia, 2025 kaingia kikosi cha kwanza cha EuroLeague, ligi kubwa ya vilabu vya Ulaya, akiwa na Paris, Panathinaikos wakamchukua. Braden akienda huko atakula vizuri na atacheza kila wiki mbele ya watu elfu kumi na kitu.

---

PointiGadi_Upanga:

Wakuu nashukuru mno, nimesoma kila mstari, nyingine nimesoma mara mbili. Ya namba 33 ya Brunson na Edwards sikuwa naijua kabisa na imenifungua macho. Ya Mzee kuhusu Hasheem imenigusa, 2009 nilikuwa darasa la tano, mwalimu wa michezo alituandikia ubaoni "Namba 2" na wote tulikuwa tunataka kuwa warefu.

Kocha nimekuelewa kwenye kukaba. Jana usiku nimerudia mechi zake mbili nikamtazama wakati hana mpira tu, Purdue wakishambulia nasogeza mbele. Nilichokiona ni hiki: mtu wake akienda kuweka skrini yeye hasubiri kubadilishana, anaruka mbele ya mwenye mpira sekunde moja, anampigia kelele, mwenzake akishafika yeye anakimbia kurudi kwa mtu wake. Mara nyingi inafanikiwa. Mara mbili alichelewa, na mara hizo mbili zote zilikuwa layapu, goli la karibu kabisa na kikapu. Kwa hiyo jibu la swali langu liko pale kwenye ile sekunde moja, kama NBA ataweza kuifanya na watu wenye kasi mara mbili au la.

Hoosier kaka nakuomba kitu. Ukienda Mackey tena nitazamie hilo, dakika tano za mwisho, skrini zote wanazomletea, ngapi anarudi na ngapi anachelewa. Kwenye runinga kamera inafuata mpira.

---

Hoosier_wa_Mbeya:

Nina off jumamosi na tiketi ninayo. Nitakaa na karatasi.

---

PointiGadi_Upanga:

Ubarikiwe sana. Uzi huu naomba usifungwe, mwezi wa tano wakishampima kule Chicago bila viatu kwenye vipimo vya kabla ya drafti nitarudi hapa kuweka namba. Hata ikisoma futi 5 na inchi 11 mimi niko naye.